Lori Kuukuu Linapochemka: Somo kwa Madereva wa Thika na Ruiru

Barabara kuu itokayo Nairobi kupitia Ruiru na Juja mpaka Thika ilipanuliwa kati ya mwaka 2009 na 2012, na Rais Mwai Kibaki aliifungua rasmi mwezi wa Novemba mwaka 2012. Urefu wake ni kadiri ya kilometa 50, na motokaa mpya huipita kwa muda mfupi sana. Lakini kando ya barabara hiyo huonekana pia jambo ambalo halikubadilishwa na lami wala madaraja: lori kuukuu limesimama, boneti limefunguliwa, mvuke unapanda juu, na dereva ameshika debe akitafuta maji.

Malori ya namna hiyo yana historia ndefu katika nchi hii. Bedford ya aina ya TJ ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, ikaenea katika mashamba na machimbo ya Kenya. Mji wa Thika wenyewe ulipata kiwanda cha kuunganisha malori baada ya kampuni ya Leyland Kenya kuanzishwa mwaka 1974. Lori kuukuu likitunzwa vizuri laweza kubeba mawe ya Ndarugu, mchanga, mbolea au nanasi kwa miaka mingi baada ya kununuliwa. Tena lori moja hulisha nyumba kadhaa: ya mwenye lori, ya dereva, ya tanboi, na ya mafundi wanaolitengeneza. Injini ikiungua, nyumba hizo zote huona njaa pamoja.

Somo hili laeleza kwa nini injini hupata joto kupita kiasi, namna ya kutafuta kosa kwa utaratibu, na mambo ambayo dereva hana budi kuyafanya, au kutoyafanya, injini inapochemka njiani.

JOTO LATOKA WAPI, NALO LAENDA WAPI

Petroli au dizeli inapowaka ndani ya silinda, si nguvu yote inayokwenda kwenye magurudumu. Kwa kukadiria tu, theluthi moja hufanya kazi ya kuendesha lori, theluthi ya pili hutoka kwa bomba la moshi, na theluthi iliyobaki huingia katika chuma cha injini. Joto hili la mwisho lisipoondolewa, oili hupoteza utelezi wake, pistoni huvimba na kushikamana na silinda, na hedi hupinda. Kazi ya kuliondoa ni ya maji.

Safari ya maji ni mzunguko. Pampu huyasukuma kupita katika nafasi zilizozunguka silinda, nayo huchukua joto. Kisha hupanda kwenye hedi, hupita katika themostati, huingia mpira wa juu na kufika katika rejeta. Humo hushuka kwa mirija mingi myembamba, na hewa inayovutwa na feni hupita katikati ya vibati vya mirija hiyo na kulichukua joto. Maji yaliyopoa hutoka kwa mpira wa chini na kurudi kwenye pampu. Katika malori mengi ya zamani, mkanda mmoja huzungusha feni na pampu pamoja. Kwa hiyo mkanda ukikatika, lori hukosa hewa na mwendo wa maji kwa wakati mmoja.

Themostati ni mlango mdogo unaojifungua na kujifunga wenyewe kwa joto. Injini ikiwa baridi, mlango hufungwa ili maji yasiende kwenye rejeta, na injini ipate joto lake upesi. Joto likifika kiasi kilichoandikwa juu yake, kwa mfano digrii 82, mlango huanza kufunguka.

KIFUNIKO CHA REJETA NA KIMO CHA NCHI

Watu wengi hudhani kuwa kifuniko cha rejeta kipo ili maji yasimwagike tu. Kumbe kina kazi kubwa zaidi, hasa katika nchi ya juu kama Thika na Ruiru.

Maji huchemka kwa digrii 100 pale Mombasa, karibu na bahari. Kadiri mtu anavyopanda, uzito wa hewa hupungua, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kwa kila meta 300 za kupanda, kiasi hicho hupungua kwa karibu digrii moja. Thika iko kwenye kimo cha kadiri ya meta 1,500, na kwa hiyo maji yaliyo wazi huchemka hapo kwa digrii 95 hivi. Lori linalopanda kutoka Thika kuelekea Gatundu au Gatanga hupunguziwa kiasi hicho zaidi, na wakati huo huo injini yake hufanya kazi nzito zaidi.

Kifuniko chenye springi na mpira mzima huyazuia maji yasichemke upesi, kwa sababu hufunga shinikizo ndani. Kifuniko cha ratili 7 kwa inchi mraba hupandisha kiasi cha kuchemka pale Thika kutoka digrii 95 mpaka karibu digrii 107. Tofauti hiyo ya digrii 12 ndiyo inayomvusha dereva mlima. Mpira wa kifuniko ukiwa umepasuka, au kifuniko kikiwa si cha lori hilo, au kikiwa ni kitambaa kilichokazwa kwa waya, digrii hizo zote 12 zimepotea.

Lakini shinikizo hilo hilo ndilo hatari ya tanboi na dereva. Maji yaliyozuiwa yasichemke ingawa yana joto la digrii 100 na zaidi huchemka yote kwa ghafula kifuniko kinapofunguliwa, nayo hurushwa juu kwa nguvu kubwa. Wako watu waliopoteza macho kwa njia hiyo.

INJINI INAPOCHEMKA NJIANI

Dereva aonapo sindano ya geji inapanda, au mvuke, au anaposikia injini inagonga na kukosa nguvu, na afanye mambo haya kwa mpango:

Kwanza, atoe lori barabarani mahali pasipo hatari, akaze breki ya mkono, na tanboi aweke mawe nyuma na mbele ya magurudumu.

Pili, aangalie kama maji yanamwagika au mkanda wa feni umekatika. Ikiwa ni hivyo, azime injini mara moja. Ikiwa mkanda uko na maji hayamwagiki, yafaa injini iachwe izunguke polepole dakika moja au mbili bila mzigo, ili feni na pampu ziendelee kuondoa joto, kisha izimwe. Sindano ikizidi kupanda katika muda huo, asingoje, azime.

Tatu, afungue boneti kwa uangalifu, kisha asubiri. Nusu saa si muda mrefu ukilinganishwa na miezi ya kulala hospitalini. Kifuniko cha rejeta kisiguswe kabla injini haijapoa.

Nne, baada ya kungoja, afunike kifuniko kwa gunia au kitambaa kinene kilichokunjwa, ageuze uso pembeni, akizungushe kidogo mpaka kituo cha kwanza, na kungoja mvuke wote utoke. Sauti ikinyamaza kabisa ndipo akitoe.

Tano, asimwage maji baridi katika injini yenye moto mkali. Chuma cha moto kikipata baridi kwa ghafula hupasuka, na bloku iliyopasuka ni hasara ambayo huenda ikapita thamani ya lori. Injini ikisha kupoa, aiwashe, na maji yatiwe kidogo kidogo huku inazunguka polepole.

Mtu akiunguzwa na maji au mvuke, sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Asipakwe mafuta, wala dawa ya meno, wala unga. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa apelekwe kwa daktari. Aliyeungua uso au macho apelekwe upesi sana kwenye hospitali kubwa, kama ile ya Thika.

MFANO WA LORI LA MAWE

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo, na dereva wake asidhaniwe kuwa mtu fulani. Lakini madereva wengi watalitambua jambo lenyewe.

Dereva mmoja kijana alikuwa akibeba mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Ndarugu. Lori lilikuwa la baba yake mdogo, aliyelinunua kwa pesa za kustaafu, na karo ya watoto watatu ilitoka katika lori hilo. Kwa muda wa majuma matatu injini ilikuwa ikichemka. Mara ya kwanza ilichemka mlimani tu, na dereva akaongeza maji. Baadaye ikachemka hata katika barabara tambarare ya Ruiru. Fundi wa kwanza akaitoa themostati na kuitupa. Fundi wa pili akauza mkanda mpya. Kila siku asubuhi rejeta ilikuwa imepungua, na kila siku tanboi alichota maji mtoni kwa debe na kuijaza.

Siku moja, walipokuwa wakipanda kuelekea Gatundu na mzigo kamili, mvuke ulifunika kioo chote. Tanboi aliruka chini akakishika kifuniko kwa kitambaa cha kufutia mikono. Bahati yake ni kwamba dereva alimvuta shati. Wakangoja, wakatia maji, wakarudi Thika polepole kwa fundi mmoja mzee.

"Shikamoo, Mzee," akasema dereva. "Lori hili limetushinda. Nataka rejeta mpya."

"Marahaba, mwanangu. Rejeta mpya ni pesa nyingi. Je, umekwisha kujua kwamba hii ya zamani ndiyo yenye kosa?"

"Inachemka, Mzee."

"Kuchemka ni dalili, si ugonjwa. Mtu mwenye homa huulizwa kwanza homa ilianza lini na inamshika wakati gani. Hebu nijibu: ilianza kuchemka wapi?"

Kwa hayo mzee aliendelea kumwuliza maswali, na maswali yake ndiyo utaratibu unaofuata.

MASWALI YA KUULIZA KWANZA

Je, lori lachemka linapokwenda polepole au kusimama, lakini lapoa linapokimbia? Hapo kosa huwa upande wa hewa: mkanda umelegea, feni imevunjika au imefungwa kinyume, au vibati vya rejeta vimezibwa.

Je, lachemka linapokimbia au kubeba mzigo mzito, ingawa likisimama hupoa? Hapo maji hayapiti ya kutosha: rejeta imeziba ndani, mpira wa chini unajikunja, au pampu imechoka.

Je, lachemka dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi? Hapo huenda themostati imekwama ikiwa imefungwa, maji ni machache, au gasketi ya hedi imeungua.

Je, lapoteza maji kila siku? Kama ndivyo, yanapotelea wapi?

Geji nayo isiaminiwe kupita kiasi. Kipimo chake kimewekwa mahali penye maji. Maji yakipungua mpaka kipimo kikabaki katika hewa, sindano yaweza kushuka na kuonyesha baridi wakati chuma kinaungua. Sindano ikianguka ghafula baada ya kupanda, dereva asifurahi, asimamishe lori.

KUTAFUTA KOSA KWA UTARATIBU

Kanuni ni kuanza na kile kilicho rahisi na kisicho na gharama, kisha kuendelea na kilicho kigumu. Kazi yote ifanywe injini ikiwa imepoa na kuzimwa, isipokuwa pale inaposemwa vingine.

1. Maji. Tazama kimo chake. Tafuta alama nyeupe au za kutu kwenye viungo vya mipira, chini ya pampu, pembeni mwa rejeta, na kwenye vizibo vya bloku. Pampu nyingi zina tundu dogo chini ya shafti yake. Maji yakidondoka hapo, sili ya pampu imekwisha. Weka karatasi chini ya lori usiku, na asubuhi uone tone limeanguka wapi.

2. Kifuniko. Tazama mpira wake kama umepasuka au umekauka. Safisha mahali pake pa kukalia katika shingo ya rejeta. Soma shinikizo lililoandikwa, ulilinganishe na kitabu cha lori. Kifuniko cha shinikizo kubwa kuliko linalotakiwa ni hatari, kwa kuwa rejeta ya zamani na mipira iliyochoka haitastahimili, nayo itapasuka. Ikiwa mpira wa juu hubonyea injini inapopoa, mlango mdogo wa katikati ya kifuniko umekwama na hauruhusu hewa kurudi.

3. Mkanda. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili zilizo mbali zaidi. Katika malori mengi ya zamani wapaswa kushuka nusu inchi hadi robo tatu ya inchi. Ukishuka zaidi, utateleza. Mkanda unaong'aa kama kioo, au wenye oili, au uliopasuka kwa ndani, ubadilishwe. Usikazwe kupita kiasi, maana hapo beringi za pampu zitakufa.

4. Mipira. Ibonyeze kwa mkono. Mpira ulio laini kama ndizi mbivu, au mgumu kama ukuni, umekwisha. Mpira wa chini uangaliwe zaidi, kwa sababu pampu huuvuta. Ukiwa laini, hujikunja injini inapokwenda kasi na kufunga njia ya maji, kisha hujifungua injini inapopunguzwa. Na kwa sababu hiyo kosa lake halionekani lori likisimama. Mipira mingine ina springi ndani ya kuzuia jambo hilo, springi isitupwe.

5. Vibati vya rejeta. Barabara za vumbi jekundu, mbegu za nyasi, wadudu na majani makavu huviziba. Vioshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, yakipigwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili taka itoke kwa njia iliyoingilia. Vibati vilivyolala vinyoshwe polepole.

6. Ndani ya rejeta. Endesha lori mpaka lipate joto lake la kawaida, kisha zima injini. Hakikisha feni imesimama, upapase uso wa rejeta kwa tahadhari. Joto lapaswa kupungua kwa taratibu kutoka pale maji yanapoingia mpaka yanapotokea. Mahali penye ubaridi katikati ya joto ni mahali ambapo mirija imeziba. Rejeta ya shaba ya malori ya zamani yaweza kufunguliwa na fundi wa kulehemu, mirija yake ikapitishwa waya bapa, kisha ikafungwa tena. Gharama yake ni ndogo kuliko rejeta mpya.

7. Themostati. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, na uweke kipimajoto kando yake. Pasha maji moto polepole. Yapaswa kuanza kufunguka karibu na digrii zilizoandikwa, na kufunga ikipoa. Hapa mafundi wa nchi ya juu wajihadhari. Themostati hufunguka kabisa kwa digrii 10 mpaka 15 zaidi ya zile zilizoandikwa; na sufuria ya Thika haipiti digrii 95. Kwa hiyo themostati ya digrii 88 haitafunguka yote katika sufuria hiyo, ingawa ni nzima. Isitupwe kwa sababu hiyo.

Desturi ya kuitoa themostati na kuendesha bila hiyo si nzuri. Injini hubaki baridi mno asubuhi, hula mafuta zaidi, na silinda husagika upesi. Tena katika injini nyingine maji hupata njia fupi ya kurudi kwenye pampu bila kupita katika rejeta, na lori huchemka zaidi kuliko kwanza.

8. Makosa yaliyo nje ya maji. Moto wa plagi ukiwashwa kwa kuchelewa, kabureta ikitoa petroli kidogo kupita kiasi, breki zikishika daima, klachi ikiteleza, bomba la moshi likiziba, au oili ikipungua, injini hupata joto hata kama rejeta ni nzima. Gusa vyungu vya breki kwa tahadhari baada ya safari fupi; kimoja kikiwa na moto kuliko vingine, kina kosa. Na mzigo kupita kiasi cha lori ni kosa ambalo hakuna fundi awezaye kulitengeneza kwa spana.

GASKETI YA HEDI

Jambo linaloogopwa zaidi ni kuungua kwa gasketi iliyo kati ya hedi na bloku. Dalili zake ni hizi: maji hupungua bila tone kuonekana chini, moshi mweupe hutoka hata injini ikisha kupata joto, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa, au mafuta huelea juu ya maji ya rejeta.

Ili kujua hakika, injini ikiwa baridi, jaza rejeta mpaka shingoni na uache kifuniko wazi. Toa mkanda ili pampu isitikise maji. Washa injini kwa muda usiozidi dakika moja. Mapovu yakitoka mfululizo, moshi wa silinda unaingia katika maji. Lori lisiendeshwe tena mpaka hedi itolewe. Hedi ipimwe kama imenyoka, na inapofungwa, nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kwa kipimo cha kitabu.

MZEE ALIONA NINI

Mzee wa Thika aliyafuata hayo yote kwa lori la mawe. Mkanda ulikuwa mzima, maana ulikuwa mpya. Mipira ilikuwa bado na nguvu. Hakukuwa na tone chini. Lakini kifuniko cha rejeta kilikuwa hakina mpira hata kidogo, na pembeni mwa shingo palikuwa na alama za kutu zilizotiririka. Alipoipapasa rejeta, sehemu ya chini ilikuwa baridi kwa upana wa viganja viwili.

Hapo habari yote ikafunuliwa. Kifuniko kibovu kilikuwa kimepoteza shinikizo, na maji yakaanza kuchemka mlimani kwa digrii 95. Yalipopungua, yaliongezwa maji ya mtoni yenye tope. Tope likatulia chini ya rejeta siku baada ya siku, mirija ikaziba, na lori likaanza kuchemka hata tambarare. Kosa la kwanza lilikuwa la kifuniko. Kosa la pili lilizaliwa na dawa iliyotumiwa kutibu la kwanza.

Kabla ya kusema neno kuhusu gharama, mzee aliitazama oili, kisha akaifanya ile kazi ya kutafuta mapovu. Dereva alisimama kimya akiitazama shingo ya rejeta kwa dakika nzima, kwa maana alijua kwamba hedi ikiwa imepinda, karo ya muhula ule haitapatikana. Hakuna povu lililotoka.

"Mungu amekuhurumia," akasema mzee. "Majuma mawili zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine."

Rejeta ikafunguliwa na kupitishwa waya, bloku ikaoshwa kwa maji safi, themostati mpya ikatiwa, na kifuniko kilichostahili kikanunuliwa. Kifuniko hicho ndicho kilichokuwa na bei ndogo kuliko vyote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MAZOEA YA KILA SIKU

Dereva mwenye busara hutazama maji na oili kila asubuhi kabla ya kuwasha injini. Maji yakipungua mara mbili kwa juma moja, hatosheki na kuongeza, bali hutafuta sababu. Hutumia maji safi yaliyochujwa, na ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi. Bora zaidi ni dawa ya rejeta iuzwayo madukani, ikichanganywa kama ilivyoandikwa, kwa kuwa huzuia kutu na kuyachelewesha maji kuchemka. Lakini ajue kwamba dawa hiyo ni sumu, na ladha yake ni tamu. Isiachwe wazi mahali penye watoto, mbwa au kuku, wala isimwagwe mtoni. Mwishowe, haitii unga wala yai katika rejeta ili kuziba tundu, maana vitu hivyo huziba na mirija pia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini maji huchemka upesi zaidi pale Thika kuliko Mombasa, na kifuniko cha rejeta husaidiaje?
2. Lori lachemka likiwa limesimama, lakini lapoa likikimbia. Utaangalia nini kwanza?
3. Sindano ya geji imepanda, kisha imeanguka ghafula mlimani. Utafanya nini, na kwa nini?
4. Themostati ya digrii 88 haikufunguka yote katika sufuria. Je, ni mbovu?
5. Tanboi ataka kufungua rejeta mara tu lori linaposimama. Utamwambia nini?